Sanduku Jeupe la Kwenda Butembo

Nyinyi wa Goma mmeniuliza swali lile lile, kila mmoja kwa simu yake: sanduku lilifika? Nikawajibu kwamba lilifika, na sikudanganya. Mkashangilia, mmoja wenu akaandika kwamba angalau kitu kimoja kimepona katika vita hivi, na tangu siku hiyo sijashika simu. Sasa nimekaa kwa kaka yangu hapa Butembo, mvua inapiga bati, na nimeona bora niwaandikie yote kituo kwa kituo ili niyamalize. Habari za ruhusa na makaratasi nitaziruka, kwanza kwa sababu zinanichosha hata kuzikumbuka, na pili kwa sababu njia nzima hakuna aliyeniomba hata karatasi moja. Mtaona kwa nini.

Majengo

Kwa wale ambao hawakuwahi kuingia chumba changu cha kazi: mle ndani ya sanduku mlikuwa na popo thelathini na saba, kila mmoja na kikaratasi chake kimefungwa mguuni kwa uzi, katika chupa tisa za kioo zilizojaa spiriti. Kazi yangu mnaijua na mmeicheka vya kutosha. Nauliza jinsi aina moja ya mnyama inavyogawanyika mpaka kuwa aina mbili. Wenzangu wa nchi nyingine wanauliza hivyo kwa ndege wa visiwani. Mimi niliuliza kwa popo wa mapango ya Mugunga, kwa sababu mawe ya kule ni machanga, mlima wa moto uliyatapika juzi tu kwa hesabu ya dunia, na popo walioingia humo walijitenga na ndugu zao wa milima ya Lubero. Popo hawa hutafuta njia kwa sauti ambayo sikio letu halisikii. Wale wa Mugunga walikuwa wanaita kwa sauti nyembamba kuliko wa Lubero, na majike yao hayakuitikia tena sauti ya kule. Walikuwa wamekwisha achana. Jambo hilo dogo nililifuata miaka kumi na tisa. Nilipoanza nilikuwa na nywele kichwani na mchumba huko Beni, na vyote viwili viliniacha nikiwa pangoni.

Kilichobaki kilikuwa kuwapa jina. Kazi yetu ina sheria moja ngumu: jina halisimami bila mwili mmoja uliowekwa mahali panapojulikana, ambapo mwenye shaka anaweza kwenda kuutazama kwa macho yake. Bila mwili, una maneno tu. Na miili yote iliyobaki duniani ilikuwa ile thelathini na saba, maana mapango yenyewe yalikwisha. Kambi ya wakimbizi ilipanda juu yake, watu wakapika mle ndani, na mara ya mwisho nilipoingia na tochi nilikuta masizi ukutani na ndala moja ya mtoto.

Hapa kuna jambo ambalo sikuwaambia hata nyinyi. Pango la mwisho lilipokuwa bado na popo, nilikwenda Mugunga nikawaita wakubwa wa kambi, nikawaambia kwamba mle ndani mna ugonjwa wa popo na mtu asiingie. Ugonjwa sikuwa nimeuona. Nilichoona ni popo wangu wa mwisho, na watu wengi wenye kuni. Walinisikiliza kwa sababu nilikuwa na miwani na koti jeupe. Popo walipata miezi mitano ya ziada, halafu wakaja wakimbizi wengine, wengi zaidi, ambao hawakuwa wamesikia maneno yangu, na pango likaisha hata hivyo.

Vita vilipoingia mjini, risasi zilipita Katindo, na chumba changu, mnajua, kilikuwa nyuma tu ya kambi ya askari. Dirisha lilianguka ndani. Nikaamua kuzipeleka chupa Butembo, kwenye chumba kikavu chenye kufuli alichoniwekea mwenzangu wa chuo, nimalizie huko kuandika. Nikaenda Majengo kwa seremala mmoja, Papa Désiré, nikampa vipimo: urefu sentimita themanini, upana thelathini na tano, mbao zisizopitisha maji. Sikueleza zaidi kwa sababu nilikuwa sijalala siku tatu. Aliandika kwa penseli juu ya ubao, akainamisha kichwa.

"Professeur, iko urgent?"

"Iko urgent sana."

"Pole, papa. Kesho asubui itakuwa tayari."

Niliona ni adabu ya biashara. Lakini mnaikumbuka Majengo ya juma lile, maseremala wote walikuwa wanatengeneza kitu cha namna moja. Asubuhi nikakuta sanduku langu limepakwa rangi nyeupe, limepanuka mabegani na kufinyana miguuni, na juu ya kifuniko amegongomea msalaba. Lilikuwa jeneza la mtoto. Nilianza kucheka peke yangu kama mwehu, halafu nikaona fundi amevua kofia, nikanyamaza. Muda wa kutengeneza jingine haukuwepo. Nikapanga chupa zangu, nikajaza pamba na nguo kuukuu, nikagongomea kifuniko, na saa nne nilikuwa juu ya lori la Fuso lililobeba chumvi na sabuni kuelekea kaskazini.

Juu ya chumvi, mpaka Kiwanja

Tulikuwa watu kama ishirini juu ya magunia. Nilipopandisha sanduku, kelele zote zilikatika. Dereva mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipanda akaondoa gunia lake, akanipa nafasi nyuma ya kibanda ambako upepo haufiki. Mama mmoja aliyevaa pagne, yaani kitenge, ya kijani, wa umri wa dada yangu mkubwa, akasogea akakaa karibu yangu. Watu walimwita Mama Kahindo. Alikuwa ametoka Mugunga, kambi ilikuwa imevunjwa, naye alikuwa anarudi Butembo kwa mdogo wake na kifurushi kimoja tu.

"Papa," akasema polepole, "huyu ni wa kwako?"

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ni wangu, mama."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Ni vita."

"Uko naye mumoja tu?"

"Sina mwingine. Nilimungojea miaka mingi."

Akatikisa kichwa, akaweka kiganja chake juu ya kifuniko, akakiacha hapo mpaka Kibumba. Angalieni vizuri: hakuna neno nililosema ambalo si kweli. Nilijivunia hilo kwa kilomita kama ishirini, kama mtoto aliyeiba sukari na kupangusa mdomo.

Mtasema ningewaeleza. Jaribuni nyinyi. Tangu ugonjwa ule mkubwa wa kutoka damu, unaosemwa ulianzia kwa popo, ulipopita Beni na Butembo, tukawa tunazika watu wetu bila kuwagusa, hamjui neno popo linavyosikika masikioni mwa mtu wa huku? Wangelitupa sanduku kwenye korongo na mimi nyuma yake, na nisingewalaumu. Zaidi ya hayo, mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kueneza habari kwamba popo wana ugonjwa.

Halafu kulikuwa na harufu. Popo wangu walipitia formalini, dawa ile ile wanayochomwa maiti, kabla ya spiriti, na chupa moja kifuniko chake hakikuwa kimekaza. Baada ya Rumangabo jua likawa kali na harufu ikapanda. Nilijua kila mtu anaisikia. Mzee mmoja aliyekalia sabuni alinusa, akanusa tena, akaitikia kwa kichwa.

"Balimupiga sindano muzuri," akasema. "Ni dawa tu njo inasikika. Sisi muyomba wetu tulifika naye Kayna kwa shida kabisa."

Wengine wakakubali kwamba kweli, nimefanya kazi ya baba, sikubania mtoto dawa.

Kwenye vizuizi vya barabara, barieri kama tunavyoziita, watu waliteremshwa na mizigo yao ikapekuliwa mpaka kwenye unga. Kwangu walifika, wakaona msalaba, wakapita. Askari mmoja hata alinisaidia kukaza kamba. Kiwanja tulisimama kwa sababu njia ya mbele ilikuwa imefungwa mpaka kesho yake. Mama Kahindo alininunulia bugali na sombe, majani ya muhogo, na samaki wa chumvi, akaniwekea mbele yangu. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilimaliza sahani, nikamaliza ya pili, ndipo nikainua macho nikakuta watu wananitazama.

"Mumuache," Mama Kahindo akawaambia. "Huzuni iko namna mingi."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini sahani nilikuwa nimekwisha imaliza.

Rwindi, siku mbili

Kesho yake tukashuka bondeni, kwenye nyasi za hifadhi, na katikati ya nyasi hizo ekseli ya Fuso ikakatika. Dereva alitukataza kuingia porini hata kwa haja, kwa sababu ya nyati na kwa sababu ya watu. Tukakaa siku mbili kwenye kivuli cha gari, kivuli kikizunguka nasi tunazunguka nacho. Mtu wa baiskeli alipita akitoka Vitshumbi na samaki wa moshi, tukawala bila chumvi huku tumekalia tani za chumvi, maana dereva alikataza gunia lisifunguliwe.

Ni hapo Mama Kahindo aliponieleza habari zake. Sikumuuliza. Nadhani aliona mimi na yeye ni watu wa safu moja.

Alizaa wavulana wanne, ambao sasa walikuwa wametangulia Butembo, halafu akaja msichana. Kwetu Wanande hamna haja ya kufikiria jina, mtoto anazaliwa nalo: nafasi yake katika mstari ndiyo inayomwita. Msichana anayekuja baada ya wavulana ni Kahindo. Na tangu alipompata, hakuna aliyemwita mama yule kwa jina jingine.

"Alikuwa na miaka ine," akasema. "Tulikuwa Mugunga, mu hema, juu ya mawe. Siku ya mabomu tukakimbia na batu ya bloc yetu. Kulikuwa pango pale karibu, kubwa, hata batu mia banaingia. Tukafika ku mulango. Chef wa bloc akasimama, akasema hapana, musiingie, mule muko ugonjwa ya popo. Professeur mumoja alipitaka, alisema mutu asiingie. Tukarudi ku mahema."

Nilikuwa na mfupa wa samaki mkononi. Niliutazama.

"Bomu ikaangukia mahema," akasema. "Mimi sikupata hata kidonda."

"Mlimzika wapi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Kule Mugunga unaweza chimba wapi, papa? Ni mawe tu. Balibaweka bote pamoja, mu shimo moya, na mimi nilikuwa kwa hospitali miezi mingi na mutoto wangu mukubwa, mukono yake iliumia. Niliporudi, kambi ilikuwa imevunjwa, katapila ilishapita. Nikatembea pale siku mbili. Hakuna mutu aliweza kunionyesha. Sijui minasimama juu ya mutoto wangu ao juu ya nini."

Hakulia. Alipangusa mikono kwa nyasi akaniuliza kama nataka maji. Mimi nilikunywa maji yake. Ningeweza kuwaambia kwamba sikuwa na uhakika, kwamba Mugunga ina mapango mengi na maprofesa wengine walipita. Hawakupita wengine. Ni mimi. Nilikaa pale na koti langu jeupe limekunjwa ndani ya mfuko wangu, nikaogopa upepo usije ukalifunua. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilitamani popo wale wasingekuwepo, si katika pango lile wala katika dunia.

Kanyabayonga, kwa miguu

Ekseli ilifungwa kwa vyuma na waya, tukapanda mlima kwa mwendo wa konokono, na chini ya Kanyabayonga wakatusimamisha kabisa. Mbele ilikuwa sehemu ambayo haina mwenyewe: huku wanashika hawa, kule wanashika wale, na katikati gari halipiti. Dereva akatuambia tushuke, tutembee, upande wa pili kuna magari ya Lubero.

Nililibeba sanduku begani, nikaenda kama hatua hamsini, nikalitua. Mzee wa sabuni akaja bila kusema kitu akalinyanyua upande wa miguu. Mwingine akashika kichwani. Halafu wakapeana zamu, wanaume saba au wanane ambao sikujua majina yao, na wanawake mbele wakiimba wimbo wa kanisani kwa Kinande.

"Mutoto yako alikuwa na uzito, papa," mmoja akaniambia akihema.

"Alikula muzuri," mzee akajibu kwa niaba yangu. "Inaonekana."

Mimi nilitembea nyuma, mikono mitupu. Mwenye kufiwa habebi, walisema.

Kwenye kizuizi cha mwisho, askari mwenye macho mekundu akasimama katikati ya njia. Huyu hakuvua kofia.

"Mutue. Fungua hiyo."

"Ni maiti ya mutoto, chef," mzee akasema.

"Najua maiti. Batu banapitisha masasi ya bunduki mu masanduku sawa hii. Fungua!"

Nikawaza: ndiyo basi. Atafungua, atakuta popo, watu hawa waliobeba mlima mzima watakuta popo, na Mama Kahindo ataangalia chupa, halafu ataniangalia mimi, miwani yangu, na ataunganisha mwenyewe. Naapa kwamba kifo sikukiogopa hata kidogo pale. Nilimwogopa yeye.

Mama Kahindo akatoka mbele. Akapiga magoti kando ya sanduku, akafungua kifurushi chake, akatoa pagne mpya, ile moja aliyokuwa nayo, ya maua ya manjano, akaitandika juu ya kifuniko akafunika msalaba.

"Fungua, mutoto wangu," akamwambia askari. "Lakini ukimaliza kumuangalia, sura yake utaenda nayo kwenu. Mimi ningependa niangalie wangu, sikupewa. Wewe unapewa bure."

Askari aligusa pagne kwa ncha ya kiatu chake, akatazama pembeni kwenye migomba, akatuambia tupite haraka. Watu wakanyanyua sanduku wakaanza tena kuimba. Mzee akanishika mkono akaniongoza kama kipofu.

Lubero, halafu Butembo

Upande wa pili tulipata lori la viazi. Kutoka Kirumba mpaka Lubero ni baridi na ukungu, tulikula viazi vya kuchemsha vya moto mpaka ulimi ukaungua, na sanduku lilikaa kati yangu na Mama Kahindo na pagne yake juu yake. Mahali fulani baada ya Lubero akaniuliza jina la mtoto.

Sikuwa na uwezo tena wa kutunga. Nikamwambia kweli: "Hakuwa amepata jina, mama."

"Mutoto gani hana jina?" akasema. Ni Mnande, alijua kwamba jambo hilo haliwezekani. Kisha sura yake ikalainika. "Unaogopa kuitamuka. Mimi pia nilikuwa hivyo, miezi mingi. Basi, papa, nikuombe kitu. Usikasirike. Wako ataenda kuwa na kaburi. Wangu hana. Ku musalaba wake uandike Kahindo. Balale bote na jina moya, na mimi niwe na fasi ya kuenda."

Mvua ya ukungu ilikuwa inaniingia shingoni. Nikasema, "Sawa, mama." Ndivyo nilivyosema. Hakunilazimisha mtu.

Bado nilikuwa na hesabu zangu, msinione malaika. Nilipanga kwamba tukifika nitaagana nao stendi, nitalipeleka sanduku kwenye chumba cha kufuli, na msalaba wenye jina nitauweka baadaye juu ya udongo mtupu, naye hatajua. Nilikuwa nimesahau nilizaliwa wapi. Lori liliposimama, hakuna aliyeagana. Wote, na mizigo yao, na wenye lori la viazi, walilisindikiza sanduku mpaka kwa kaka yangu, na kila nyumba tuliyopita watu walitoka wakaingia kwenye mstari. Tulipofika uani tulikuwa umati.

Kaka yangu Mumbere alitoka na ndoo ya maziwa mkononi. Aliliona jeneza, akaniona mimi, akaiweka ndoo chini.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya Papa Kasereka," watu wakamjibu. "Ya mutoto wake."

Alinivuta nyuma ya jiko. Sijawahi kuona uso wake namna ile, hata baba alipokufa.

"Ulizala mutoto, ukatuficha? Mama alikufa anaomba akuone na mutoto, na wewe ulikuwa naye, ukanyamaza?"

"Kaka, ngoja nikueleze."

"Utaeleza nini sasa? Mutoto wa nyumba hii amelala inje kwa mvua." Akapangusa macho kwa mkono wenye maziwa, akaita vijana wachukue majembe.

Wanasema mtu hujiona akizikwa katika ndoto. Mimi nilisimama macho makavu, mchana, nikaangalia shimo likichimbwa nyuma ya nyumba kando ya baba na mama. Udongo wa kwetu ni laini, jembe linazama kama kwenye siagi, dakika chache tu wakawa wamefika kifuani. Katekista akasoma. Nilisema moyoni: sasa, Kasereka, sasa fungua mdomo, ni maneno matatu tu. Nikatazama upande wa pili wa shimo. Mama Kahindo alikuwa amesimama na mdogo wake aliyekuja kumpokea, na kwa mara ya kwanza tangu Goma alikuwa analia, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akiita jina la binti yake. Kisha shemeji yangu, mke wa Mumbere, akamshika, akaanza kulia naye, na wanawake wote wa uani wakaitikia jina lile.

Waliteremsha sanduku kwa kamba. Upande mmoja uliteleza, na chupa zikagongana ndani. Kila mtu alisikia kioo.

"Ni vitu vyake vya kucheza," mzee wa sabuni akasema taratibu. "Baba yake alimuwekea."

Wakanipa udongo wa kwanza niutupe, nikautupa.

Hapa nilipo

Kaka yangu nilimweleza yote baada ya juma moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi nyamaza hivyo hivyo," akaenda kukamua ng'ombe. Mpaka leo hatujazungumza jambo hilo tena.

Sasa najua mtakachoniambia, kwa sababu nimejiambia mwenyewe kila siku. Chupa ni nzuri, nane kati ya tisa zimekaza, spiriti itakaa miaka miwili, labda mitatu. Wako pale, wote thelathini na saba, na vikaratasi vyao miguuni, mita moja na nusu chini ya ardhi, hatua arobaini kutoka meza ninayoandikia. Si kwamba wamepotea. Asubuhi moja ya kazi, na miaka yangu kumi na tisa inarudi mezani. Bila wao sina kazi. Mimi ni mtu mwenye upara aliyewahi kuona kitu pangoni, na pango hakuna.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Sikwenda usiku kama mwizi, nilikwenda saa mbili asubuhi, kaka akiwa sokoni, na jembe la mpini mrefu, na gunia la kubebea chupa. Nilikuwa nimeamua kabisa. Mvua ya masika imeotesha majani mpaka magotini, msalaba wenye jina Kahindo hauonekani vizuri kutoka njiani, na ndiyo sababu sikumwona mpaka nilipofika juu yake. Mama Kahindo alikuwa amepiga magoti ananyonyoa majani kwa mikono. Anatembea saa nzima kutoka kwa mdogo wake kuja pale, sikulijua hilo. Alikuwa ameleta miche ya maua ndani ya kopo la maziwa.

Aliinua kichwa, akaniona mimi, akaliona jembe. Nilingoja aelewe nilichokuja kufanya.

"Aa, papa," akasema, na uso wake ukafunguka. "Na wewe ulikuwa na mawazo moya na mimi. Mungu akubariki. Mikono peke haiwezi, majani ya huku inakamata sana. Anza pale kwa miguu, mimi niko naendelea huku kwa kichwa."

Akasogea kunipa nafasi. Nikaliweka gunia chini, nikaanza kulima majani pale kwa miguu, juujuu, nikichunga jembe lisizame sana.